BALOZI ZETU SI MADUKA YA PASIPOTI

Ndugu yangu unayesoma ukurasa huu kijiweni, na gazeti lenyewe umeliazima, mwenyewe anakuhimiza umalize haraka, naomba dakika zako chache. Najua unachokiwaza. Unawaza kuondoka.

Sikulaumu. Umemaliza shule, cheti kimekaa kabatini mpaka kimeingia ukungu, kila ofisi inataka uzoefu wa miaka mitano, na uzoefu wako wewe ni wa kukaa juu ya jiwe. Rafiki yako aliyekwenda Dubai ametuma picha amesimama mbele ya ghorofa. Mwingine yuko Bondeni, anasema mambo si mabaya. Dalali wa kazi ameshafika mtaani na fomu zake mkononi, anasema mshahara mnono, chakula na malazi bure. Mmemzunguka kama nzi kwenye kidonda, na maswali yenu ni yale yale: mshahara kiasi gani, nauli nani analipa, viza inatoka lini.

Swali moja silisikii. Kazi ikifa huko, nani atanifungulia mlango?

Sisemi usiende. Sina ubavu wa kumwambia kijana asiye na kibarua abaki hapa kulinda jiwe. Ninachosema ni kwamba uchumi wa watu hauna undugu na wewe. Leo wanajenga minara, kesho bei ya mafuta inaanguka na minara inasimama nusu njia, na wa kwanza kufungiwa jiko ni wewe uliyekuja kubeba zege. Siku hiyo hutakuwa na mjomba wala mjumbe wa nyumba kumi. Utakuwa na kitu kimoja tu chenye bendera yako: ubalozi, au ule ubalozi mdogo ulioko kwenye mji wenye wafanyakazi wengi.

Yuko jirani yangu mmoja, fundi rangi. Alikwenda nchi moja ya Ghuba. Sitaitaja nchi wala ofisi, maana mwenyewe bado ana nia ya kurudi na hataki maneno. Mwezi wa kwanza alilipwa, wa pili akalipwa nusu, wa tatu mpaka wa sita hakuona kitu. Kambini wakakatiwa umeme. Wakajikusanya wanne wakaenda kwenye ofisi yetu, wamechana nywele na kuvaa mashati ya Ijumaa. Wakaambiwa walete barua ya mwajiri. Mwajiri ndiye aliyekuwa amekimbia, na pasipoti zao zilikuwa kwenye kabati lake. Wakasema hivyo. Wakaambiwa wajaze fomu, warudi Jumatatu. Jumatatu wakaambiwa afisa anayehusika yuko safarini. Nitakueleza mwisho jinsi alivyorudi.

Sasa tuulizane, ubalozi kazi yake ni nini? Ukiuliza hapa kijiweni utaambiwa ni kugonga mihuri, kutoa pasipoti, na kumpokea kigogo uwanja wa ndege anapokuja kutibiwa au kununua shangingi. Lakini uko Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli. Kifungu cha 5 kinaorodhesha kazi za konseli, na kazi ya kwanza kabisa kutajwa ni kulinda maslahi ya nchi yake na ya raia wake. Pasipoti na viza zinakuja baadaye. Halafu kinatajwa kitu kingine waziwazi: kuwasaidia raia. Wenye ofisi wameanza kuusoma mkataba katikati.

Usidhani nazungumza ndoto. Twende Jeddah, mwaka 2016.

Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta lilikuwa linauzwa zaidi ya dola 100. Kufikia Januari 2016 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Serikali ya Saudi Arabia ikaanza kuchelewesha malipo kwa makandarasi, na makandarasi, kama ilivyo desturi yao duniani kote, wakayapunguza maumivu yao kwa kumnyima aliye chini. Kampuni kubwa ya ujenzi iliyoitwa Saudi Oger ilikaa miezi na miezi bila kuwalipa vibarua. Mwezi Julai majiko ya kambi yakafungwa. Wahindi, Wapakistani, Wafilipino, maelfu kwa maelfu, wamekaa kwenye mabweni katika joto lile, hawana mshahara, wengi vibali vya ukaazi vimekwisha, na kwa sheria za kule wakati ule hukuweza kuondoka bila idhini ya mwajiri.

Tarehe 30 Julai waziri wa mambo ya nje wa India, mama Sushma Swaraj, akatangaza hadharani kwamba raia wake kiasi cha 10,000 wana njaa. Angalia jambo hilo, ndugu yangu. Waziri hakusema "tunafuatilia". Hakusema "taarifa hizo zimetiwa chumvi na wapinzani". Alisema watu wangu wana njaa na hakuna Mhindi atakayelala na njaa. Ubalozi mdogo wa India mjini Jeddah, pamoja na Wahindi wenye maduka na kazi zao mjini humo, wakapakia zaidi ya tani 15 za chakula na kupeleka makambini. Siku chache baadaye waziri mdogo wa mambo ya nje alishuka Jeddah mwenyewe, akaingia kambini. Mfalme Salman naye akaamuru riyali milioni 100 zitengwe kumaliza tatizo lile, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuondoka au kuhamia kampuni nyingine.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Mishahara yenyewe wengi waliisubiri kwa miaka, na kampuni ile ilifunga milango Julai 2017. Lakini hawakufa njaa, na waliotaka kurudi kwao walirudi.

Unajua hela za kazi kama hiyo zinatoka wapi? Hapa ndipo nataka uweke gazeti sawasawa. Mwaka 2009 India ilianzisha mfuko wa ustawi wa jamii yake ng'ambo, unaosimamiwa na balozi zenyewe. Unatunishwa na ada ndogo inayoongezwa kwenye huduma za kikonseli. Anayekwenda kubadilisha pasipoti analipa dola mbili tatu juu, basi. Hizo dola mbili tatu za mamilioni ya watu zinamlipia chumba mfanyakazi aliyekimbia kipigo, zinamnunulia tiketi aliyekwama, zinausafirisha mwili wa aliyefariki. Ofisa hana haja ya kuandika barua makao makuu, ijadiliwe, irudishwe kwa kukosa kiambatisho, huku mtu anakufa. Hela ipo pale pale, na mamlaka ya kuitumia yapo pale pale.

Sasa wewe ulipolipia pasipoti, uliambiwa senti ngapi zinakusubiri siku ya shida?

Kampuni ile ya Jeddah ilikuwa mali ya familia ya akina Hariri, mawaziri wakuu wa Lebanon. Nchi yao yenyewe ndiyo iliyofuata kuzama, na huko tunaona picha iliyo wazi zaidi, maana katika mji mmoja, msimu mmoja, milango ya ofisi tatu za kigeni ilijaribiwa na wasichana wenye shida ile ile.

Beirut. Lebanon ilikuwa na wafanyakazi wa ndani wa kigeni kiasi cha robo milioni, wengi wao Waethiopia. Wanaletwa kwa utaratibu unaoitwa kafala: kibali chako kiko mikononi mwa mwenye nyumba, ukimwacha wewe ni mhalifu. Kwa zaidi ya miaka 20 pauni ya Lebanon ilikuwa imefungwa kwenye 1,500 hivi kwa dola. Mwishoni mwa 2019 fundo likafunguka. Machi 2020 serikali ikashindwa kulipa madeni yake, na kufikia Julai dola moja mtaani ilikuwa zaidi ya pauni 7,000. Mama mwenye nyumba aliyekuwa akimlipa binti dola 150 au 200 kwa mwezi ghafla hakuzimudu. Juu ya hapo ikaja korona.

Mwanzoni mwa Juni 2020 magari yakaanza kusimama mbele ya ubalozi mdogo wa Ethiopia, kitongoji cha Hazmieh. Mlango wa gari unafunguliwa, binti anashushwa, begi linatupwa, gari linaondoka. Wengine hawana pasipoti, wengine wanadai mishahara ya mwaka mzima. Wakatandika magodoro kando ya barabara, usiku na mchana, mbele ya bendera yao. Nauli ya kurudi, mamia ya dola, ilitakiwa itoke mfukoni mwao wenyewe, mfuko ambao haukuwa na kitu tangu mwaka uliopita.

Mlango wa pili ni wa jirani zetu Wakenya. Kenya haikuwa na ubalozi Beirut. Lebanon ilisimamiwa kutoka Kuwait, na pale mjini palikuwa na konseli wa heshima. Hili la konseli wa heshima ulielewe vizuri, maana hata sisi tunao sehemu nyingi. Huyu kwa kawaida ni raia wa nchi ile ile, mfanyabiashara au wakili, hana mshahara wa serikali yako, anapewa cheo na bendera ili awakaribishe wawekezaji na kusaini karatasi. Kwa biashara ya kahawa si mbaya. Lakini binti wa Kisii au wa Kwale anayedai mshahara wake kwa tajiri wa Beirut anakwenda kulalamika kwa nani? Kwa jirani wa tajiri yule yule. Baada ya mlipuko wa bandari wa tarehe 4 Agosti 2020, uliowaua watu zaidi ya 200, wanawake wa Kenya walipiga kambi nje ya ofisi hiyo wakitaka warudishwe kwao. Wengi waliwalaumu wale wale waliotakiwa kuwasaidia. Januari 2022 wanawake wengine walikuwa wamelala tena kwenye njia ile ile ya waenda kwa miguu. Wengi wa waliorudi walichangiwa nauli na watu baki wenye huruma.

Mlango wa tatu, ubalozi wa Ufilipino. Desemba 2019, kabla ya korona, kabla ya mlipuko, mara tu walipoona sarafu inayumba, Wafilipino walifungua daftari ubalozini: anayetaka kurudi nyumbani ajiandikishe, serikali italipa. Rudia kuisoma tarehe hiyo. Desemba 2019. Wenzao wa ofisi nyingine walingoja magodoro yafike barabarani.

Na wala Ufilipino si pepo. Ni nchi yenye ufisadi wake, yenye vigogo wake, na nyumba zake za hifadhi zimewahi kujaa mpaka watu wakakosa pa kulala. Kwa nini basi ofisi yao ilifungua daftari mapema? Wana roho nzuri kutuzidi sisi? Hapana. Walilazimishwa, na waliowalazimisha ni kabwela wenzako.

Tarehe 17 Machi 1995, Singapore ilimnyonga mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino, Flor Contemplacion, kwa kosa la mauaji. Nyumbani kwao wananchi waliamini kwamba hakutendewa haki na kwamba ubalozi wao ulimwacha peke yake mpaka dakika za mwisho. Manila ikawaka. Watu wakajaa barabarani, waziri wa mambo ya nje akajiuzulu, balozi akaitwa nyumbani. Chini ya miezi mitatu baadaye, tarehe 7 Juni, Rais Fidel Ramos alitia saini sheria ya wafanyakazi walioko ng'ambo. Mwaka ule ule, kumbuka, sisi tulikuwa tunajiandaa na uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi baada ya kutawaliwa na chama kimoja, tukidhani ukishapiga kura serikali itajifunza adabu yenyewe.

Sheria ile haikuandika maneno matamu ya "kujali wananchi". Iliandika vitu unavyoweza kumshtakia mtu. Kwamba nchi yenye wafanyakazi wao wasiopungua 20,000 lazima iwe na kituo cha kuwasaidia, kilicho wazi saa 24. Kwamba kuwe na mfuko wa wakili, peso milioni 100. Kwamba kuwe na mfuko wa kuwarudisha watu nyumbani kwa dharura, peso milioni 100 nyingine. Pembeni ya hayo upo mfuko wao wa ustawi, kwa kifupi OWWA, ambao chimbuko lake ni mwaka 1977: mchango ni dola 25 kwa mkataba, usiozidi miaka miwili. Korona ilipofunga kazi mwaka 2020, wizara yao ya kazi ilitoa dola 200 taslimu kwa mfanyakazi aliyekwama ng'ambo, na ofisi za kazi ndani ya balozi ndizo zilizopokea maombi.

Dola 200 si utajiri, najua. Lakini mwulize aliyekaa bila chakula siku tatu.

Sasa nawasikia waheshimiwa. Jibu lao la kwanza liko tayari hata kabla hujamaliza swali: nchi yetu ni maskini. Nimekuonyesha kwamba mfuko wa India unatoka kwenye ada na mfuko wa Ufilipino unatoka kwenye dola 25 za mkataba. Hakuna aliyeomba posho za vikao vya bunge zikatwe, ingawa si wazo baya. Na kama ni hela, watazame Wakenya: mwaka 2024 walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, zaidi ya zinazoletwa na chai. Mwaka 2022 Nairobi iliunda idara kamili ya serikali ya mambo ya Wakenya walioko nje. Ilikuwa imechelewa kwa wasichana wa Beirut, lakini imeundwa.

Jibu la pili ndilo baya zaidi, maana hata wewe msomaji utalikubali kimoyomoyo: "Hao walizamia. Walikwenda kwa njia za panya, serikali haiwatambui." Ukisikia hivyo, mtaje Mmexico.

Wamexico wamevuka mpaka wa Marekani kwa mamilioni, na wengi wao hawana karatasi ya mtu. Balozi ndogo za Mexico ndani ya Marekani ni karibu 50. Tangu mwaka 1871 zinatoa kitambulisho cha kikonseli, na haziulizi uliingiaje. Zinauliza kama wewe ni Mmexico na unaishi wapi. Kwa miaka mingi ilikuwa karatasi tu. Kuanzia mwaka 2001 benki kubwa za Marekani zikaanza kukikubali kitambulisho kile kufungulia akaunti. Kibarua aliyekuwa akificha mshahara chini ya godoro na kuporwa kila Ijumaa akawa na benki, na kutuma hela nyumbani kukawa rahisi. Mwaka 2003 wakaanza kuweka dirisha la afya ndani ya ubalozi mdogo wenyewe: umekuja kuchukua pasipoti, unapimwa sukari na shinikizo la damu papo hapo, unaelekezwa hospitali isiyokuuliza makaratasi.

Ukaja mdororo wa mwaka 2008. Ujenzi wa nyumba Marekani ukaanguka, na wajenzi wengi walikuwa Wamexico. Hela walizotuma nyumbani zilishuka kutoka dola bilioni 26 hivi mwaka 2007 hadi bilioni 21 mwaka 2009. Waajiri wengine walitumia nafasi hiyo kuwafanyisha watu kazi na kuwafukuza bila kuwalipa, wakijua mtu asiye na karatasi hataenda polisi. Mwaka 2009 huo huo balozi ndogo za Mexico zikaanzisha wiki ya haki za wafanyakazi, kwa kushirikiana na wizara ya kazi ya Marekani yenyewe: njoo na karatasi yako ya siku ulizofanya kazi, eleza tajiri ni nani, dai lako lifunguliwe. Maofisa wao pia wanatoka. Mwisho wa wiki wanafunga safari na mashine zao mpaka miji ya mbali, wanafungua meza kwenye shule au kanisa, wanahudumia watu mpaka jioni.

Hebu jaribu kumwaza ofisa wetu wa ubalozi, Jumamosi, amekaa kwenye meza ya plastiki katikati ya kambi ya vibarua na mashine ya kupiga picha za pasipoti. Umecheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikanyamaza.

Kwani yetu sisi hatuyajui? Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Lilizungumza na wanawake 50. Pasipoti kunyang'anywa, mshahara kukatwa au kutolipwa kabisa, kazi mpaka saa 21 kwa siku kwa wengine. Hao ni dada zako. Mapema mwaka huo huo polisi wa Msumbiji waliyafagia machimbo ya rubi ya Montepuez, huko Cabo Delgado, na vijana wetu kwa mamia wakarudishwa kupitia Mtwara, wengi wakilalamika kwamba walipigwa na kuporwa walichokuwa nacho. Hao ni wewe mwenyewe. Na mwaka 2015 vijana wa Durban walipowageukia wageni kwa mapanga, wakisema wanawamalizia kazi, Malawi na Zimbabwe zilipeleka mabasi kuwachukua watu wao. Nilipoona mabasi yale kwenye taarifa ya habari nilijiuliza swali la kijinga tu: hivi sisi tungejua tupeleke mangapi? Huwezi kutuma basi kwa watu ambao hujawahi kuwaandika jina.

Hapa niseme na wewe pia, maana lawama si ya upande mmoja. Vijana wetu wakifika ng'ambo wanaukimbia ubalozi kama wanavyomkimbia mgambo wa jiji. Wanaogopa kuandikwa. Wengine wanajiita Wakongo au Wasomali ili wapate karatasi za ukimbizi, nami siwahukumu, njaa haina uraia. Lakini jina lako lisipokuwa kwenye daftari, siku ya balaa hata ofisa mwema hana pa kuanzia. Kwa hiyo ukienda, nenda kajiandikishe wiki ya kwanza, na ukikataliwa andika tarehe na jina la aliyekukataa. Acha nakala ya pasipoti na mkataba kwa mama yako, si kwa dalali. Ukikamatwa, taja Kifungu cha 36 cha mkataba ule ule wa Vienna: una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe bila kuchelewa, na polisi wanatakiwa wakuambie hivyo. Na ingieni kwenye vyama vyenu vya huko. Zile tani 15 za Jeddah hazikubebwa na maofisa peke yao. Zilibebwa na wauza maduka na mafundi waliokuwa na namba za simu za wenzao.

Hapa nyumbani nako kuna kazi. Mbunge wako akija kuomba kura, usimwulize juu ya kisima peke yake. Mwulize kama yuko tayari kupeleka bungeni sheria yenye mfuko, yenye ofisa wa kazi kwenye kila ubalozi wa nchi inayochukua vibarua wetu, yenye nyumba ya hifadhi, na yenye adhabu kwa ofisa atakayemfungia raia mlango. Mwulize makonseli wetu wa heshima wanakaguliwa na nani, na lini. Akikwambia suala hilo ni la itifaki, mwambie Manila halikuwa la itifaki mwaka 1995.

Nilikuahidi habari ya jirani yangu fundi rangi. Wale wanne walikwenda ofisini mara saba. Mara ya nane hawakwenda, hawakuwa na nauli ya basi. Aliyewasaidia ni Mtanzania muuza samaki, mtu wa Tanga, aliyepitisha kofia msikitini na kwenye vijiwe vya Waswahili wa mji ule mpaka nauli za watu wanne zikatimia, na wakili mmoja wa Kihindi aliyewaandikia barua za uhamiaji bila malipo. Wanaidaiwa kofia ile mpaka leo. Jirani yangu anarudisha kidogo kidogo, elfu ishirini, elfu kumi, kila anapopata nyumba ya kupaka. Juzi nilimkuta juu ya ngazi anapaka ukuta wa ofisi moja ya serikali. Nikamwuliza kama wamemlipa. Akasema wamemwambia arudi Jumatatu.